Vifungo Sita Vyekundu

"Nani mwizi? Rudia, watu wasikie!"

"Jirani, hakuna aliyesema mwizi."

"Hakuna? Mbona pale bombani hata ndoo zinalijua jina langu?"

Aliyekuwa akipaza sauti ni Bi Kitana, msusi wa chumba cha pili. Alikuwa amemwacha mteja wake barazani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu ya pili imesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Mteja wa watu hakulalamika. Alisogeza kigoda karibu ili asipitwe na neno hata moja.

Aliyekuwa akijibu ni fundi cherehani wa chumba cha kwanza. Alisimama mlangoni na utepe wake wa kupimia shingoni, macho ameyakunja kwa jua. Nyuma yake alijibanza binti yake, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi hiyo ulikuwa umekauka kabisa.

"Mimi nimeingia chumbani kwenu mara ngapi?" Bi Kitana aliendelea. "Nimeazima kiberiti, nimerudisha. Nimeazima chumvi, nimerudisha nyingi kuliko niliyochukua! Leo naambiwa hela zenu zimeota miguu Alhamisi, siku niliyokuja kujaribu gauni. Haya, mguu wangu hautakanyaga humo tena. Naapa!"

"Chiriku," mama aligeuka taratibu, "bombani ulisema nini?"

Chiriku alitazama vidole vyake vya miguu. Kwa kweli hata yeye hakuelewa tena alichokisema, wala alichokijua.

Mambo yalianza na macho ya mama. Kwa miezi kadhaa sindano ilikuwa ikimkimbia. Alipitisha uzi pembeni ya tundu, akaulamba, akajaribu tena, mpaka Chiriku akaja kumsaidia. Kisha mashati matatu ya sare yakarudishwa kutoka shuleni, kola zimekwenda upande. "Fundi, nakuheshimu," mwalimu mkuu alimwambia, "lakini yakirudi mengine itabidi kazi hii nimpe mtu mwingine." Na sare ndizo zilizolipa kodi ya chumba.

Daktari wa macho alimpima, akamwonyesha miwani ya elfu thelathini na mbili, akakubali kumwekea kwa mwezi mmoja tu. Mama alipiga hesabu. Kila wiki alitenga elfu thelathini za matumizi ya nyumba. Wakibana wakabakiza elfu nane kila wiki, kwa wiki nne miwani ingepatikana.

Kwa kuwa maandishi madogo yalimtoka machoni, mama hakutumia daftari. Alitumia vifungo. Kila mia tano iliyotumika ilikuwa kifungo kimoja, kikatungwa kwenye uzi na kuning'inizwa ukutani, kwenye msumari ulio kando ya cherehani. Vyeupe vilikuwa vya chakula. Vyeusi vya mkaa. Vya bluu vya maji na sabuni. Vyekundu vilikuwa vya vitu vidogo vidogo visivyo na jina.

"Vidole vyangu bado vinaona," alisema.

Wiki mbili za kwanza mama alishika kopo la hela mwenyewe, na kila wiki zikabaki elfu nane. Wiki ya tatu sare zilimjaa mpaka magotini, akamkabidhi Chiriku kopo na nyuzi. "Kila jioni tunga vifungo vya siku, halafu hesabu hela zilizobaki, uone kama vinakubaliana. Usisubiri wiki iishe, maana kumbukumbu ni kama maji, huwezi kuyafunga kwenye khanga."

Chiriku alitunga vifungo. Hilo hakukosa hata siku moja. Lakini kuhesabu kila jioni aliona ni kujichosha. Si atahesabu zote Ijumaa, mara moja, amalize?

Ijumaa ikafika. Alishusha nyuzi akahesabu. Vyeupe ishirini. Vyeusi vinane. Vya bluu sita. Vyekundu kumi. Jumla arobaini na vinne, yaani elfu ishirini na mbili. Basi kopo lilitakiwa kuwa na elfu nane.

Lilikuwa na elfu tano.

Alihesabu tena kwa kuanzia vyekundu, kana kwamba hesabu ni mlango unaofunguka ukisukumwa upande mwingine. Elfu tano. Akapindua kopo, akaligonga tako. Akatazama chini ya kitanda, ndani ya viatu, hata kwenye sufuria ya maharage. Akahesabu vifungo mara ya tatu, vikawa arobaini na vitatu, akapiga kelele, kisha akakiona kimoja kimekwama katikati ya vidole vyake vya miguu. Kila alichonunua alikitungia kifungo, ana hakika. Na hela haziongopi. Basi nani kati yao anaongopa?

Ndipo akakumbuka kwamba Alhamisi Bi Kitana alikuja kujaribu gauni la kuvaa harusini. Mama alitoka kidogo kuchukua pasi barazani, na Bi Kitana akabaki chumbani peke yake. Chiriku hakusema "mwizi". Alimnong'oneza tu rafiki yake bombani: "Hela zetu zimepungua elfu tatu, na aliyebaki chumbani ni mmoja tu." Lakini neno likitoka bombani hufika nyumbani kabla ya ndoo. Kufikia Jumamosi asubuhi lilikuwa limeshamfikia mwenyewe, tena limenenepa njiani.

"Nilisema... nilisema zimepungua," Chiriku alijibu sasa, sauti ndogo kama ya mbu. "Na kwamba Bi Kitana alikuwepo."

"Umemwona akichukua?" mama aliuliza.

"Hapana."

"Umeniuliza mimi kwanza?"

"Hapana, mama."

"Umeona!" Bi Kitana alijipiga kifuani. "Mwanao amenivua nguo mbele ya watu, na mimi nimevaa gauni jipya!"

Chiriku aliinua macho kutazama mkono ule uliopiga kifua. Gauni lilikuwa lile lile la harusi, la maua ya manjano, na mbele lilishuka na mstari wa vifungo vyekundu. Alivihesabu bila kukusudia, kwa mazoea ya wiki nzima. Kimoja, viwili, vitatu. Vilikuwa sita.

Elfu tatu ni vifungo sita.

Lakini vifungo vyekundu viko vingi duniani! Mama alikuwa na uzi mzima wa vifungo vyekundu vya kazi, kwenye msumari wa jirani kabisa na ule wa matumizi. Chiriku alisogea hatua moja. Kifungo cha tatu kutoka juu kilikuwa na pengo ukingoni, kama jino lililovunjika.

Kile alikijua. Alikijua vizuri kuliko alivyotaka.

Jumatano, akitoka dukani, alinunua pakiti ya biskuti, akaila yote njiani, ingawa mama alikuwa amemkataza biskuti mpaka miwani ipatikane. Jioni dhamiri ikamsumbua. Akatunga kifungo, ila akachagua kile chenye pengo, kana kwamba kifungo kibovu kitafanya kosa liwe dogo.

Sasa alielewa jambo moja na kuchanganyikiwa kwa lingine. Akikaa kimya, hakuna atakayejua habari za biskuti, na Bi Kitana ataitwa mwizi mpaka mwisho wa mwaka. Akisema, itabidi aeleze amekijuaje kifungo kile. Mteja kwenye kigoda alimkodolea macho. Bi Kitana alimkodolea macho. Hata kuku aliyekuwa akipita alisimama.

"Mama," alisema, "vifungo vya gauni lile ulivitoa msumari gani?"

"Msumari wa vifungo vya kazi. Upande wa kulia."

"Una hakika?"

Mama alimsogelea Bi Kitana, akanyoosha kidole, akakipapasa kifungo kimoja kimoja. Kwenye cha tatu kidole kilisimama.

"Vyangu vyote ni vizima," alisema polepole. "Hiki kina pengo."

"Kile ni cha biskuti," Chiriku alisema, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja kama maharage kwenye gunia lililotoboka. "Nilinunua Jumatano, nikala peke yangu, sikukwambia. Kilikuwa kwenye uzi wetu wa matumizi. Vyote sita ni vyetu. Umekata uzi usio wenyewe, mama. Hela hazikuibiwa. Tulizitumia sisi, halafu vifungo vyake vikaenda harusini!"

Mteja wa nusu kichwa aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kitana.

Mama hakucheka. "Macho yangu haya," alisema. "Alhamisi ulikuwa na haraka, jirani, nikanyoosha mkono tu. Kosa langu nimelibeba. Chiriku, beba lako."

Chiriku alisogea mbele, akapiga magoti. "Nisamehe, Bi Kitana. Nimekusingizia. Leo jioni nitakwenda bombani, niseme kweli, na nitaisema kwa sauti kuliko nilivyonong'ona."

Bi Kitana alimshika mkono. "Inuka, mtoto wewe, usinichafulie baraza. Nimesamehe." Kisha akainua kidole. "Lakini kiapo ni kiapo. Humo ndani siingii."

Jioni ile, baada ya kutoka bombani na masikio ya moto, Chiriku alitunga vifungo vingine sita mahali pa vile vilivyopotea. Mama alivuta nyuzi zote nne mapajani, akazilaza sambamba, akamwambia afumbe macho na apapase. Uzi mwekundu sasa ulikuwa na vifungo kumi na sita. Elfu nane! Ulikuwa mrefu mara mbili ya ule wa mkaa.

"Vitu vidogo vidogo," mama alisema. "Vitaje."

Chiriku alivitaja huku akizidi kushangaa. Vocha. Mfuko wa kubebea, kila safari ya dukani, kwa sababu kikapu alikisahau kila safari. Pipi badala ya chenji. Utepe wa nywele. Biskuti za Jumatano na, haya basi, za Ijumaa pia. Hakuna hata kimoja kilichoonekana kikubwa siku ya kukinunua.

Wakapiga hesabu upya. Wiki mbili zilitoa elfu kumi na sita, hii elfu tano. Zimebaki elfu kumi na moja kufikia miwani. Chakula, mkaa, maji na sabuni ni elfu kumi na saba. Ndani ya thelathini, vinabaki vifungo vyekundu vinne tu kwa wiki nzima.

"Vinne!" Chiriku alishika kichwa.

"Vinne. Na kila jioni unahesabu mbele yangu."

Wiki iliyofuata kikapu kilining'inia kwenye kitasa cha mlango ili kisisahaulike. Chenji ilirudi ikiwa chenji. Jumanne hesabu ilikataa kwa mia tano, na kwa kuwa ilikuwa jioni ile ile, Chiriku alikumbuka mara moja: sabuni ya kipande. Bi Kitana naye alishika kiapo chake. Alipotaka kiberiti alisimama kizingitini, akanyoosha mkono ndani mpaka begani, mwili wote nje, kama mtu anayetafuta samaki kwenye shimo.

Jumamosi mchana mama alirudi kutoka kwa daktari na miwani puani. Alipitisha uzi kwenye sindano kwa mkupuo mmoja. Aliona vumbi la rafuni, akaona wino kwenye kola ya Chiriku, kisha akachungulia nje akaona gauni la maua ya manjano.

"Jirani! Kifungo cha nne nimekishona upande!"

"Wiki nzima natembea hivi, wewe ndiyo kwanza unaona?" Bi Kitana alicheka kutoka barazani. "Usikitoe. Watu wanasema ni mtindo."

Mama alimgeukia binti yake. "Umeona, mwanangu? Hela ndogo huondoka bila kuaga, ndiyo maana lazima tuiulize kila jioni imekwenda wapi. Na hesabu ikikataa, anza kuitafuta mfukoni mwako mwenyewe kabla hujaitafuta kwa jirani. Hela iliyopotea tunaweza kuifidia kwa wiki moja. Jina la mtu ukilitupa bombani, huokoti lote."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akapakua wali na maharage kwenye sinia, akaweka vijiko vitatu, akaenda mpaka mlangoni.

"Bi Kitana, karibu ndani tule."

Msusi alitazama kizingiti, akatazama sinia, akavuta harufu.

"Nije?" alisema, akivua kandambili. "Basi hesabuni vijiko kwanza."

"Tumeshahesabu," Chiriku alisema. "Kimoja ni chako. Ingia."