Mabakuli Manne ya Navruzi

Zarnigor alikuwa na miaka mitano. Aliishi na bibi yake, Savrinisa, katika nyumba ya vyumba vinne, vitatu vikiwa vimefungwa. Baba na mama walikuwa Urusi kikazi. Mwaka wa pili sasa, hawajarudi.

Kila siku baada ya chai, bibi alimhesabisha. Mtoto aliimba moja hadi ishirini bila kukosea. Lakini siku moja bibi alimwomba lozi sita, naye akaleta konzi nzima.

"Kumbe unaimba tu kama kasuku," bibi alisema.

Zarnigor hakusema neno tena siku hiyo. Na katika nyumba ile, mtoto akinyamaza, hakuna mwingine wa kusema. Bibi alijuta. Aliona wazazi wamemwachia mtoto, naye ameshindwa kumlea.

Asubuhi iliyofuata alikwenda chekechea akamweleza Mwalimu Mahbuba, aliyemfundisha Zarnigor. Mchana mwalimu alifika nyumbani. Alimkuta bibi akipaka mayai rangi kwa ajili ya Navruzi, sikukuu ya mwaka mpya.

"Bibi, anajua majina ya namba," mwalimu alisema. "Bado hajajua kila namba ni vitu vingapi. Mpe vitu vya sikukuu avishike."

Akampa Zarnigor mayai ayahesabu. Mtoto aligusa yai moja mara mbili, akaruka jingine. Bibi alitaka kumsahihisha, mwalimu akamzuia.

"Usimwambie jibu. Mwache ahesabu tena. Kila yai analolihesabu, alisogeze kando."

Zarnigor alianza upya, polepole. Yai moja, namba moja. Yalikuwa saba. Mwalimu akayatawanya mkekani, akauliza sasa ni mangapi. Mtoto aliyatazama kwa muda.

"Saba tu. Hujaongeza."

Kisha alitenga mekundu na ya njano, akaona mekundu yamezidi kwa moja. Tangu hapo alihesabu kila kitu alichokishika: lozi, vijiko, mikate.

Siku ya Navruzi bibi alimwambia apange mabakuli ya sumanak, uji mzito wa ngano iliyochipua. Bakuli moja kwa kila mtu. Zarnigor akapanga manne.

Bibi alijizuia asimwambie. "Hebu hesabu watu," alisema.

Mtoto alimgusa bibi begani: moja. Akajigusa kifuani: mbili. Akayatazama mabakuli.

"Mabakuli yamezidi mawili."

"Ndiyo," bibi alisema. "Yamezidi mawili."

Hakuna aliyeyaondoa. Bibi alipakua uji katika yote manne.

Simu ilipolia, ilikuwa mama. Siku nyingine bibi angemwamuru mtoto amwimbie mama namba. Safari hii alimpa simu tu.

"Mama," Zarnigor alisema, "mabakuli ni manne. Sisi tumepungua wawili."

Mama alimwambia hesabu yake ni sahihi.