Kofia Nambari 212

Jua lilikuwa linazama Nasike alipoingia bomani kwa Mama Rahab, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Kifaa cha kampuni kilikuwa mkobani. Hasira ilikuwa kooni. Siku tatu tu tangu Nakhungu, binti wa mama huyo, azikwe, wafiwa ndio wametoka kunyolewa nywele za matanga, na yeye ametumwa kuulizia kofia!

Aliyemtuma ni Wabwile, mwenye karakana ya kufuma kule Kitale. Mwaka huo wa 2009 alikuwa amepata oda ya ng'ambo: kofia za sufu mia mbili na kumi na mbili, kila moja imeshonewa chipu utosini, ndogo kama punje ya mahindi. Ukipitisha kifaa juu yake kinalia, kisha kioo kinaonyesha nambari ya kofia na jina la aliyeifuma, ili mnunuzi ajue si bandia.

Nakhungu alibaki usiku kumalizia ile ya mwisho. Asubuhi walimkuta amekufa nyuma ya mlango, jiko la makaa katikati ya chumba, kucha zake zimevunjika. Wabwile, aliyefika wa kwanza, aliwaapia polisi kwamba mlango ulikuwa wazi usiku kucha. Mwongo mkubwa! Wafumaji wote walijua kufuli lile hufungwa na nani, ila hakuna aliyewauliza.

Na sasa kofia ya 212 haionekani.

"Si mlimzika nayo?" Wabwile alikuwa amemwambia. "Enda uilete. Ukirudi mikono mitupu, mwizi ni wewe, na polisi watakuchukua."

Mama Rahab alisikiliza yote bila kuinua macho.

"Hatukumvalisha kofia," alinong'ona. "Kichwa kilikuwa wazi. Mimi ndio nilimsuka."

"Najua, Mayi, mama yangu. Nisamehe."

"Na huyo mtu... alimfungia mtoto wangu?"

Nasike alifungua kinywa ajibu.

Pii.

Sauti ilitoka mkobani. Hakuna aliyekuwa ameugusa. Harufu ya makaa ikajaa sebuleni, na jikoni kwa Mama Rahab moto ulikuwa umezimwa tangu mchana...

Nasike aliingiza mkono, akagusa kitu chenye unyevu. Akakivuta. Kofia. Sindano mbili zilikuwa bado zimechomekwa ukingoni, udongo mwekundu umeshika kwenye uzi. Kioo cha kifaa kilikuwa kinawaka: 212. NAKHUNGU.

Aliiachia ikaanguka. Mama mtu aliiokota, akamrudishia.

"Mtoto wangu anataka umpelekee huyo mtu," alisema. "Mpelekee."

Asubuhi Nasike aliitupa kofia mezani kwa Wabwile, kifaa kando yake, mbele ya wafumaji wote.

"Kofia yako hiyo. Sasa niite mwizi."

Wabwile aliinyakua, akapitisha kifaa juu yake. Kimya. Akapitisha tena. Kimya.

"Hii ni bandia! Unaniletea mchezo, ati?" Akainua mkono wenye kifaa kumtishia. Kifaa kikapita karibu na kichwa chake mwenyewe.

Pii.

Akakishusha. Kikanyamaza. Akakiinua polepole hadi utosini, kwenye kipara chake.

Pii. Pii.

Sellah, mfumaji aliyekaa karibu naye, alisoma kioo kwa sauti ndogo: "Mia mbili kumi na mbili. Nakhungu."

Wabwile alipapasa kichwa. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kigumu. Akakikwaruza kwa kucha hadi damu ikatoka.

"Nilifunga tu asiende kabla hajamaliza," alinong'ona. "Ningejuaje? Nilifunga tu..."

Kila mtu alisikia. Nasike alidhani akisikia maneno hayo hasira itamtoka. Wapi! Ilizidi. Akaiokota kofia, akawaashiria wenzake, wakatoka mmoja mmoja hadi uani.

Mlango ukajifunga nyuma yao. Kufuli lililokuwa likining'inia nje likajibana. Ka!

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Wabwile, ndani. Jiko lilikuwa uani, baridi, limejaa majivu. Lakini chini ya mlango moshi ulianza kutoka, na kucha zikaanza kukwaruza mbao.

"Nasike! Fungua!"

Nasike aliketi kwenye ngazi, akaiweka kofia magotini, akachukua zile sindano. Ilibaki mistari miwili tu kuimaliza.