Jicho la Almasi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kaltumi humpangusa farasi wake Almasi kwa kitambaa laini. Brashi haitumii. Ngozi ya mgongo wa Almasi imelegea kama nguo pana, tena huchanika upesi. Ndiyo sababu wenye banda la farasi kule Ggaba walimwachia Kaltumi. Hapandwi tena. Siku za sikukuu watoto wa Kyebando hupigwa picha kando yake.

Jumatatu moja jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba, likitiririka machozi.

"Vumbi tu," alisema Kamis, mumewe. Akatoa kabatini dawa yake ya macho iliyobaki. "Hii iliniponya kwa siku mbili."

"Kwani wewe ni farasi?"

"Wakati wa kula wewe husema ndiyo!"

Wakacheka, wakampaka Almasi. Siku ya Jumatano jicho lilikuwa na doa jeupe. Kaltumi hakucheka tena. Alimpigia simu Munirah, daktari wa mifugo.

Munirah alipofika alidondosha rangi ya kupimia jichoni. Lile doa likang'aa kijani.

"Ni kidonda," alisema. "Rangi hushika palipochubuka. Mmempaka nini?"

Kamis akamwonyesha, macho chini.

"Mzee wangu, dawa hii hutuliza wekundu, lakini huzuia kidonda kufunga. Jicho lako lilikuwa likiwasha tu. La huyu lingetoboka."

"Lakini ugonjwa wake ni wa ngozi," alisema Kaltumi.

"Amezaliwa nao, mama. Kinachoipa ngozi uimara ndicho kinachokipa kioo cha jicho uimara. Vyote viwili kwake ni dhaifu, kwa hiyo vidonda vya macho huweza kurudi. Akifumba jicho, niiteni siku hiyo hiyo. Wala msimpandishe kwa dume. Ataurithisha udhaifu huo."

"Nimekwisha kumwahidi jirani yetu Ojera mtoto wa farasi huyu," Kamis alinong'ona.

"Basi kamwombe radhi," alisema Kaltumi.

Munirah aliacha matone ya kutiwa mara sita kwa siku. Aliagiza nyasi zilowekwe maji, zisitoe vumbi, na Almasi avishwe wavu usoni dhidi ya nzi. Kaltumi hakukosa tone hata moja.

Baada ya wiki mbili Munirah alidondosha rangi tena. Kaltumi alizuia pumzi. Hapakuwa na kijani.

"Alhamdulillahi!" Akaketi palepale kwenye nyasi.

Kamis aliitupa dawa yake kuukuu chooni, akarudi na kipande cha karoti. Almasi akamtazama kwa macho yote mawili, kisha akageuza kichwa.

"Sasa anaona vizuri," alisema Kaltumi. "Amekutambua."