Kalamu Nyekundu ya Mwalimu

Jumatatu hiyo ukumbi wa hospitali ulifurika watu. Mtu akiinuka, kiti chake kinakaliwa kabla hakijapoa. Mwalimu alikuwa amemleta mama yake kupima presha. Alivaa gauni la maua madogo na skafu ya kijani, na kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, maana hata foleni hakuipoteza bure: alisahihisha madaftari ya wanafunzi wake mapajani.

Mbele yao mgeni mmoja wa ng'ambo, mwanamke wa makamo, alikuwa akilia kwikwi. Mhudumu wa wodi, kijana mrefu mwenye sare ya buluu iliyopigwa pasi ikanyooka, alimwinamia akirudia neno lilelile:

"Sad? Sad?"

Mgeni akatikisa kichwa, akazidi kulia. Mwalimu alishindwa kuvumilia. Akasogea, wakazungumza mawili matatu, na mgeni akacheka machozi yakiwa bado mashavuni.

"Hana huzuni, kaka," Mwalimu akasema. "Majibu yake yametoka salama. Wiki nzima alibeba hofu, leo ndiyo ameitua. Hiyo wanaiita relieved."

"Kumbe! Mimi nina mawili tu, dada. Anayelia ni sad, anayecheka ni happy."

"Basi wagonjwa wako wana kazi."

"Na mtu aliyekosa la kusema kwa kutazama skafu ya kijani, yeye anaitwaje?"

"Anaitwa mtoro wa kazi. Rudi kazini."

Mama alicheka mpaka muuguzi akamwambia atulie kwanza, ndipo apimwe.

Wiki ileile Mhudumu akajiandikisha katika darasa lake la Kiingereza. Darasa lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la fundi saa: benchi nne, ubao, na dirisha lisilofunga vizuri. Watu wazima walikuja saa ya mapumziko ya mchana, kila mmoja na kazi yake. Mwalimu aliwafundisha kwa njia yake mwenyewe. Kila siku neno moja la moyo, na kila mtu aliandike daftarini kwa jambo lililomkuta kweli. Na sheria ilikuwa moja.

"Mimi nasahihisha lugha tu. Yaliyomo ni siri ya mwenye daftari. Siyaulizi wala siyasemi."

Mhudumu akajifunza kwamba kuna proud, kifua kinapojaa kwa kazi uliyoifanya vizuri, na kuna lonely, upweke wa mtu aliye katikati ya watu. Wagonjwa wakaanza kumwita wenyewe. Na simu zikaanza.

"Mwalimu, mtu anayeitazama simu na hailii, anaitwaje?"

"Asiye na salio."

"Salio ninalo."

"Basi ni disappointed, aliyevunjika moyo."

"Na ikilia?"

"Kale chakula chako, kaka, kinapoa." Lakini alipokata simu, tabasamu lilikataa kumtoka.

Ndipo siku ya neno la wivu ikafika. Mhudumu aliandika: Jana nilimwona akicheka na mwanamume mwenye koti la kijivu. Usingizi haukuja.

Mwalimu alisoma, kitu kikamchoma chini ya mbavu. Kumbe ana mtu wake! Na mimi hapa najipamba skafu. Akasahihisha, akafunga. Kesho yake Mhudumu akaandika tena: Ninampenda. Naogopa kumwuliza kama atanikubali.

Angeweza kuuliza ni nani. Lakini sheria ni yake, na mtu hawezi kuitapika sheria aliyoipika mwenyewe. Akaandika kwa wekundu: Vizuri. Nane kwa kumi. Muulize.

Mhudumu aliposoma, alilifunga daftari taratibu, akaliacha mezani, akashuka ngazi bila kuaga. Amekwenda kumwuliza, Mwalimu akawaza. Siku tatu hakuonekana. Siku tatu simu ikawa kama jiwe.

Jumamosi kaka yake Mwalimu alikuja kugongomea benchi moja iliyolegea. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa mlango. Koti la kijivu. Mwalimu alilitazama, akakumbuka siku kaka yake alipokuja kuikagua benchi hiyo, walivyosimama hapo mlangoni wakicheka mpaka wakashikana mabega. Akalifungua daftari, akatazama tarehe. Iliandikwa kesho yake.

"Mungu wangu," akasema. "Mtu amenipa moyo wake, mimi nimempa maksi nane."

"Ungempa ngapi?" kaka yake akauliza, misumari mdomoni.

Mwalimu alikuwa tayari anapiga simu.

"Wodi ya wanaume," sauti ikajibu, kavu.

"Mbona huji darasani?"

"Majibu yangu nimeshapata, mwalimu. Nane kwa kumi."

"Nilidhani unamwandika mwingine."

"Mwingine yupi? Kwani mimi pale natazama ubao?"

"Na yule wa koti la kijivu ni kaka yangu. Tumbo moja. Koti lenyewe la marehemu baba."

"Kaka yako!"

"Usiondoke hapo. Nakuja."

Alimkuta kwenye ukumbi uleule, ameshika shuka safi. Alimpa daftari. Chini ya sentensi yake, kwa ile kalamu nyekundu, Mwalimu alikuwa ameongeza yake: Nilisahihisha huku nalia. Nilikufunga mdomo kwa sheria yangu, nikajifunga na mimi.

Mhudumu alisoma neno kwa neno, midomo ikichezacheza.

"Maksi ngapi?" Mwalimu akauliza, sauti imemtoka kama ya mwanafunzi.

"Maksi sitoi. Mimi naangalia yaliyomo tu." Akazishusha shuka kitini. "Uliandika nimuulize. Basi nauliza. Utanikubali niwe mumeo?"

"Mimi nimekubali. Lakini swali hilo haliishii ukumbini. Kesho baada ya ibada njoo nyumbani, umuulize mama."

"Na yeye atakubali?"

"Tangu siku ya presha anakuulizia wewe, mimi hata hanisalimu vizuri."

Macho ya Mhudumu yakajaa machozi. Bibi mmoja aliyeketi jirani na shuka akamvuta Mwalimu mkono. "Mwanangu, huyu analia nini? Amefiwa?"

"Hapana, bibi," Mwalimu akasema, akimpangusia shavu kwa ncha ya skafu ya kijani. "Alikuwa na mzigo. Ameutua."