Kifuniko cha Evald

Upondo wa kusukumia mtumbwi ulipotumbukia majini Endel aliurukia, akatumbukia na yeye. Mtumbwi ulikuwa umegonga kisiki kilichofichwa na mafuriko. Salme alimkamata shemeji yake ukosi wa koti, akamvuta kwa nguvu zake zote, na jeneza la mumewe likayumba katikati yao bila kuanguka.

"Upondo uko wapi?" Salme aliuliza.

"Umekwenda." Meno ya Endel yalikuwa yakigongana. "Usihangaike. Maji hufuata mkondo, shemeji. Mto wenyewe utatufikisha kanisani."

Nani angembishia? Kwetu, theluji ikiyeyuka, hata maiti husafiri kwa mtumbwi, na Raudna kila mtu anaujua. Ni mto mdogo, mvivu, unaojimwaga katika Halliste, Halliste katika Navesti, Navesti katika Pärnu, kisha bahari. Kanisa liko upande huohuo wa chini. Ukimlaza mlevi mtumbwini, atafika.

Basi wakaketi, maji yakawachukua. Ukungu ulimeza kila kitu. Malisho yalikuwa yamegeuka ziwa, hapakuwa na ndege wala moshi wa nyumba. Salme aliweka kiganja juu ya jeneza. Hawakujaliwa mtoto. Maishani alikuwa na Evald tu, na sasa hata huyo alibaki naye kwa mwendo wa safari hii.

Ghafla ghala la nyasi likajitokeza ukunguni, limezama nusu, na ubao wa bluu mlangoni.

"Hilo ghala letu," Salme alisema. "Ubao ule aliupigilia Evald."

"Acha bwana. Ghala tumeliacha nyuma asubuhi."

"Basi limetufuata."

Endel aliyatazama maji. Barafu ilikuwa imeuziba mto mkubwa huko chini, na Raudna, kwa kukosa pa kwenda, ulikuwa ukirudi ulikotoka. Mbele yao palikuwa na kinamasi tu, misonobari mifupi na maji baridi, mahali asipoishi mtu. Nguo za Endel zilikuwa zimelowa chapachapa. Huko asingeiona asubuhi.

"Tumwache hapa," alisema, midomo ikiwa imebadilika rangi kwa baridi. "Tumsukumie ghalani, mtumbwi uwe mwepesi, tupige maji kwa mikono. Tutamfuata mafuriko yakiisha."

"Nimwache mume wangu na panya?"

"Tutakufa, Salme."

"Hatufi. Sogea."

Kwetu misumari ya jeneza hupigwa makaburini, watu wakishaagana. Salme alikishika kifuniko kwa mikono miwili. "Evald, niazime," alisema, akakiinua. Mumewe alilala pale na uso wake wa kila siku, kama mtu aliyekatazwa kucheka. Salme alimvua blanketi la sufu, akamrushia shemeji yake.

"La maiti?"

"La kaka yako. Jifunike, uache maneno."

Alikishika kifuniko kama kafi, akapiga maji. Kilikuwa kizito, kiliteleza, kilimchubua viganja. Mtumbwi ulisita, ukageuka. Ndipo kengele ya kanisa ikasikika kwa mbali, ikimwita maiti aliyechelewa. Salme alielekeza pua ya mtumbwi kwenye sauti hiyo, dhidi ya maji. Ikinyamaza, wanashika matawi ya mierebi na kusubiri. Ikilia, anapiga. Endel alipopata joto kidogo alipokea zamu, kisha akamrudishia. Evald alilala kati yao, ukungu ukimlowesha nywele, na Salme akawa anazifuta kila alipopumzika.

Mpiga kengele aliwapokea ukingoni. Alitazama jeneza wazi, akavua kofia.

"Mbona hana kifuniko?"

"Anacho," Endel alijibu. "Ametupigia kafi nacho. Siku zote hakupenda kubebwa bure."

Vidole vya Salme vilikuwa vimeganda juu ya ubao, Endel akavibandua kimoja kimoja. Hapo ndipo Salme alipolia, kwa sauti, mbele za watu, kilio alichokizuia tangu nyumbani.

Endel alivua blanketi, akalikunja kwa aibu. Salme alilipokea. Lilikuwa na joto bado. Akamfunika nalo mumewe haraka, mpaka kidevuni, kabla halijapoa.