Uzi na Kipande cha Sabuni

Bibi wa nyumba hii ana pumu. Maradhi ya kuambukiza ya mapafu yalipoingia mjini, mke wa mwanawe alimhamishia chumba cha nyuma, dirisha wazi mchana kutwa. Mkwe huyo ni fundi cherehani kiwandani. Hushona kola za mashati, kola tu, mpaka anaziota. Akirudi jioni hunawa, hubadili nguo, ndipo humsalimia bibi akiwa mlangoni.

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, mama. Lakini tutafanyaje?"

Alichoka kweli, na aliogopa zaidi. Jirani yake wa cherehani ya pili alikuwa amelazwa. Je, akimletea bibi ugonjwa?

Jumapili moja alikuwa kibarazani akishona kifungo. Nesi wa nyumba ya pili akasimama mbali kidogo.

"Shoga, barakoa mmepewa kazini?"

"Tumepewa. Naivaa kutwa, masikio yananiuma."

Akalamba ncha ya uzi, akaitia kwenye tundu la sindano. Nesi akamtazama.

"Na kazini unatunga uzi hivyo hivyo?"

"Sasa nitautungaje? Mama mkwe ndiye aliyenifundisha."

"Basi kila uzi ukikatika, unashusha barakoa katikati ya watu. Vidole vilivyoshika cherehani ya zamu mbili unavipeleka mdomoni. Na mate yako unamwachia wa zamu ya usiku."

Fundi akaishusha sindano. Uzi hukatika mara ngapi kwa siku? Hata hajui.

"Kata ncha mshazari," nesi akasema. "Ipitishe kwenye sabuni kavu, itasimama. Barakoa ibaki juu. Fungueni madirisha, naweni mikono, futeni cherehani zamu zikibadilishana. Anayeumwa abaki nyumbani."

Kinga ni bora kuliko tiba, wote tunaimba. Kuitenda ndiyo kazi.

Kesho yake kiwandani fundi akayasema hayo mbele ya wenzake. "Madirisha yakifunguliwa, vumbi litachafua mashati," msimamizi alisema.

"Shati linafuliwa, bosi," fundi akajibu kwa sauti ya uchovu. "Mapafu hayafuliwi."

Safu nzima ikaacha kushona. Madirisha yakafunguliwa siku hiyo hiyo. Ruhusa ya wagonjwa kubaki nyumbani ilichelewa. Waliidai wote pamoja, wakachoka, wakaidai tena, hadi ikapatikana. Na kila meza ikawa na kipande chake cha sabuni.

Maradhi yalipopungua, bibi alitoka kukaa kibarazani na sindano yake. Akatoa ulimi.

"Mama! Sabuni!"

"Nalamba uzi tangu hujazaliwa, wewe."

"Najua. Na mimi nataka uendelee kuutunga mpaka wajukuu waoe."

Bibi akacheka sana, bila kukohoa. Kisha akanyoosha mkono apewe sabuni.