Ukurasa wa Kusimamisha

Likizo ya Agosti ilipoanza, Mbodze alienda kukaa na shangazi yake Nyevu katika ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe, Mji wa Kale. Kila asubuhi alifagia ngazi, akanunua mahamri na mbaazi, na baada ya chai wakaketi pamoja mbele ya kompyuta.

Shangazi Nyevu alikuwa akiandika maelezo ya matumizi ya programu. Kampuni ndogo aliyoifanyia kazi, yenye ofisi Makupa, ilikuwa imetengeneza chombo cha kuuzia na kununulia hisa. Mtu humwambia msaidizi wa akili mnemba anachotaka. Msaidizi huandika programu fupi na kuiwasha, nayo huuza au kununua yenyewe, bila kungoja mtu.

"Maelezo haya hayasomwi na watu tu," Shangazi alimweleza siku ya kwanza. "Huyo msaidizi naye huyasoma na kuyafuata. Tukiandika vibaya, atafanya vibaya. Kwa hivyo wewe jaribu kila hatua kwenye akaunti ya majaribio, isiyo na hisa za kweli. Ikifanya kazi, tia tiki. Isipofanya, niambie."

Mbodze alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na kazi ile ilimpendeza. Alijaribu ukurasa baada ya ukurasa kwa makini. Alhamisi alasiri ukabaki mmoja tu, wa kusimamisha kuuza na kununua. Mara rafiki yake Terry akamwita kutoka chini, waende mtaa wa Kuze kutazama mechi ya wasichana. Mbodze aliusoma ukurasa harakaharaka. Ulikuwa mfupi na ulieleweka. Akatia tiki hatua zote nne bila kujaribu chochote, akashuka ngazi mbio.

"Umejaribu zote?" Shangazi alimuuliza aliporudi.

"Zote, Shangazi."

Jumatatu asubuhi simu ililia. Shangazi aliiweka kwenye spika. Alikuwa Janet, aliyetengeneza chombo chenyewe.

"Dada Nyevu, Mzee Thoya yuko hapa ofisini. Ni mstaafu wa reli, na hisa zake amezikusanya miaka mingi. Alitaka kuuza chache tu, lakini programu inauza na haikomi! Mara tatu amemwambia msaidizi asimamishe, na kila mara anajibiwa, 'Nimesimamisha.'"

"Ukurasa wa kusimamisha umejaribiwa," Shangazi akasema. "Mbodze aliupitia hatua kwa hatua. Kosa liko kwenye chombo. Tafuta huko kwako."

"Basi ni langu," Janet akajibu kwa unyonge. "Meneja amesimama nyuma yangu. Ngoja nitafute tena."

 Mbodze alikuwa ameketi kati ya ukuta na meza, na kiti cha Shangazi kilikuwa kimeziba njia ya mlangoni. Akisema, Shangazi atajua kwamba alimdanganya. Akinyamaza, Janet ataendelea kutafuta mahali pasipo na kosa. Kila alikofikiria kukimbilia aliona kumefungwa.

"Shangazi, niende dukani mara moja?"

"Kaa hapo hapo. Nitakuhitaji."

Kutoka kwenye simu, sauti ya mzee ilisikika. "Zimeenda nyingine! Jamani, nifanyeje mimi?"

Mbodze alifumba macho. "Shangazi, sikuujaribu."

"Hukujaribu nini?"

"Ukurasa wa kusimamisha. Nilitia tiki tu, nikakimbilia mechi. Nilikudanganya."

Shangazi alimkazia macho. Kisha akavuta kiti kando. "Njoo. Ujaribu sasa hivi."

Kwenye akaunti ya majaribio, Mbodze alimwambia msaidizi auze, kisha akafuata hatua zote nne za kusimamisha. Msaidizi akajibu, "Nimesimamisha." Lakini chini ya jibu hilo, idadi ya hisa iliendelea kupungua.

"Bado inauza!" akapiga kelele.

"Nimeelewa!" Janet akasema. "Hatua hizo zinamsimamisha msaidizi peke yake. Programu aliyokwisha kuiwasha inaendelea. Inazimwa kwa amri nyingine, na amri hiyo haimo kwenye ukurasa!"

Wakasikia vidole vyake vikigonga kibodi.

"Imekoma," Mzee Thoya akasema, akishusha pumzi.

Mbodze aliomba kuzungumza naye. "Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyesema ukurasa ule umejaribiwa. Nilisema uongo. Naomba unisamehe."

Mzee akajibu, "Marahaba. Umenitia hasara, mwanangu. Sehemu kubwa imekwenda na hairudi. Lakini ungeendelea kunyamaza, zingeisha zote."

Simu ilipokatwa, Mbodze alikuwa akilia. Shangazi alimpa kitambaa.

"Amri ile niliisahau mimi," alisema, "na nitawaeleza hivyo ofisini. Mtu husahau, ndiyo maana nilikuomba ujaribu. Lakini tiki yako ilitufanya tuache kutazama pale pale penye kosa, na Janet akalaumiwa bure. Usiseme umefanya kazi ambayo hujaifanya, hata ikiwa ndogo namna gani. Na ukishakosea, sema upesi, kabla mwingine hajaumia zaidi."

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya, futa machozi. Andika hatua ya tano."

Mbodze akaiandika polepole, akaisoma, kisha akageuka. "Nitie tiki?"

"Umeijaribu?"

"Bado."

"Basi ijaribu."